Kabichi ya Mwadime

Kila mwaka, Pasaka inapokaribia, maduka makubwa ya Johannesburg huweka mlangoni ndoo za maua meupe, yale ambayo majani yake yanafanana na ya pareto. Ukiyasugua majani hayo kwa vidole yanatoa harufu chungu, kali kidogo, kama dawa iliyosahauliwa kabatini. Watu hupita na vitoroli vyao bila kugeuza shingo. Mimi husimama. Harufu hiyo ikinifikia, ninakuwa tena na miaka minane, nimeshikwa mkono na Baba katikati ya kitalu cha miche, na ninaogopa kusema ninachokitaka.

Tuliishi Troyeville, mtaa mmoja wa jiji hilo, kwenye nyumba kuukuu yenye baraza la mbele na paa la bati lililokuwa likitoa mlio jua likizama. Wazazi wangu walitoka Taita. Baba alikuwa mhasibu, Mama alifanya kazi benki. Mimi nilizaliwa hukuhuku; Kiswahili nilikielewa chote, ila nilikijibu kwa Kiingereza, na maneno yangu utakayoyasoma hapa nimeyarudisha mwenyewe kwenye lugha ya nyumbani. Jirani yetu, Bi Zuhura wa Tanga, aliyekuwa akiwapikia maandazi wafanyabiashara wa Kitanzania, alisema kuzungumza nami ni kama kurusha mpira ukutani ukarudishiwa chungwa.

Yale majira hayakuwa na jina la kukubalika kwetu. Baba aliyaita vuli, kama alivyofundishwa shuleni. Bi Zuhura alikataa katakata. Vuli ni mvua, alisema, mvua za mwisho wa mwaka, na hapa hakuna hata tone, kuna majani makavu tu yanayotembea barabarani kama watu wasio na pa kwenda. Mama alisema ni majira ya majani kudondoka, basi. Mimi sikuhitaji jina. Nilijua kwamba mwanga umekuwa wa rangi ya asali, kwamba asubuhi mdomo wangu unatoa moshi, na kwamba miti mikubwa ya mtaani kwetu inajivua polepole, jani moja, kisha jingine, kana kwamba inafikiria.

Nilikuwa na mdogo wangu, Mwadime. Baridi ya mwaka uliotangulia ilimbana kifua, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Alikuwa na miaka mitatu. Mama alitaka apelekwe Taita akalazwe karibu na bibi yetu, upande wa migombani. Baba alipiga simu hapa na pale, akaongea na huyu na yule, mwishoni akasema haiwezekani, tumzike huku. Siku ya maziko Mama alisimama kama mtu anayengoja basi, na baada ya hapo hakukanyaga tena makaburini. “Nimemwacha mtoto wangu kwa watu nisiowajua,” nilimsikia akimwambia Bi Zuhura jikoni. Kisha akatuambia sisi, mimi na Baba, tusilitaje jina lake ndani ya nyumba. Tukatii. Unajua nyumba inavyokuwa jina moja likiondolewa: kila mtu anatembea kwa kukwepa, kama vile kuna kiti kimeachwa gizani.

Sasa, watu wa kanisa letu walikuwa na desturi. Jumamosi ya kuamkia Pasaka walikwenda makaburini kufagia, kupalilia na kupanda kitu, ili asubuhi ya Ufufuko marehemu wao wakutwe wamependeza. Baba alimwuliza Mama kama tutakwenda.

“Nendeni,” Mama alisema. Aliendelea kukunja nguo. Alikuwa akikunja shati lilelile tangu tuingie.

Ndivyo nilivyojikuta kitaluni na Baba. Ilikuwa kama kuingia ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na rangi zilijitokeza humo kidogo kidogo, manjano, kisha zambarau, kisha nyekundu iliyoiva kama kutu. Udongo mbichi ulinukia. Maji yalidondoka mahali fulani nisipopaona. Mwanamke mwenye kofia pana alikuja akatuambia baridi iko njiani, tuchukue kitu kisichoogopa umande unaoganda.

Baba hakusitasita. Alikwenda moja kwa moja kwenye yale maua meupe, akachagua vyungu viwili, akavipangusa kwa leso yake. Yalikuwa maua ya heshima. Yalinyooka kama wazee wa kanisa.

Ndipo nikaziona. Chini, kwenye meza ya mwisho, kulikuwa na kabichi, lakini kabichi za namna ambayo sijapata kuiona: majani ya nje ya kijani, yamejikunjakunja kama pindo la gauni, na katikati moyo wa zambarau uliokuwa kama umewashiwa taa kwa ndani.

Inabidi nikueleze habari za Mwadime na kabichi. Mama alipokuwa akikata kabichi barazani kwa ajili ya chakula cha jioni, Mwadime alikuwa anakuja kusimama kando ya goti lake, kimya, mkono mbele, akingoja ule moyo mgumu wa katikati. Alipewa akautafuna mbichi kama kondoo, macho kayafumba, maji yakimchuruzika kidevuni. Biskuti ungeweza kumnyang'anya. Moyo wa kabichi, hapana.

“Baba, nataka ile.”

Alitazama nilikoonyesha. “Hiyo ni mboga, Wakesho.”

“Hailiwi, baba,” yule mwanamke alidakia. “Ni ya pambo. Na baridi ikizidi ndiyo rangi inakolea.”

“Kaburi si shamba,” Baba aliniambia, kwa upole lakini akiwa ameshabana midomo. “Watu wa kanisa watatuonaje?”

“Mwadime ataipenda.”

Jina lilinitoka. Nililisikia likikaa pale hewani, katikati ya ukungu, na sikuweza kulirudisha. Baba alinyanyua uso akatazama nyaya za umeme juu yetu kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka huko. Kisha aliinama, akaichukua kabichi kwa mikono miwili, akaibeba mwenyewe mpaka kwa keshia.

Niliipakata njia nzima. Majani yake yalikuwa baridi na yalitoa mlio mdogo yakigusa kidevu changu. Kila tuliposimama kwenye roboti, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, watu wa magari ya jirani walitutazama, mhasibu aliyevaa tai Jumamosi na mtoto aliyekumbatia kabichi. Pembeni mwa barabara maua ya msimu yalikuwa yamechanua, ya waridi na meupe, yale yanayojiotea bila kupandwa, nayo yaliyumba yote kwa pamoja tulipopita.

Tulipitia nyumbani kuchukua jembe na ndoo. Mama alikuwa barazani na Bi Zuhura, wanachambua mchele. Baba hakuzima gari.

“Ni nini hicho alichokibeba?” Mama aliuliza.

Baba alianza kueleza. Alisema mtoto ameng'ang'ania, alisema yapo na maua meupe, mazuri tu, yako nyuma, alisema hata muuzaji amethibitisha kwamba si ya kula. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozama. Mama alisimama, akashuka ngazi, akachungulia dirishani.

“Kabichi,” alisema. Na akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, kama mtu aliyetekenywa kanisani, kikafuatiwa na kingine, halafu ikawa si kicheko tena. Aliushika mlango wa gari. Bi Zuhura alikuja taratibu akamtoa ungo mkononi, akaingia ndani, akatoka na leso ya Mama, akamfunga kichwani kama anavyofungwa mtoto.

“Nenda, Mama Wakesho,” alisema. “Mchele nitaumaliza mimi.”

Makaburi yalikuwa nje kidogo ya jiji, mahali unapoviona vile vilima vya manjano vya mchanga wa migodi. Ukungu ulikuwa umeondoka, na watu walikuwa wengi, wanafagia, wanaimba chinichini. Safu za makaburi madogo zilifanana zote. Mama alisimama njiani akatazama huku na huku, mikono imemlegea, na nikajua hakumbuki ni lipi. Baba alitangulia. Hakusoma namba, hakutazama kulia wala kushoto. Alipinda pale penye mti, akapita kati ya safu kama mtu anayepita sebuleni kwake. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia njia alimpungia mkono.

“Sharp, baba! Eish, leo umekuja na familia!”

Mama alimtazama yule mzee. Halafu alimtazama Baba.

Kaburi lilikuwa safi. Halikuwa na jani la magugu, na pembeni lilizungushiwa mawe madogo yaliyopangwa kwa ukubwa, kutoka kubwa hadi dogo, kazi ya mtu anayependa mahesabu. Kichwani pake, ndani ya chupa ya kahawa, yalikuwapo maua meupe yaliyokauka.

“Umekuwa ukija,” Mama alisema.

“Ijumaa. Nikitoka kazini.”

“Na hukuniambia, Baba Wakesho.”

Baba alikuwa akiitazama ndoo. “Ulisema tusilitaje jina lake. Sikujua ningekuambiaje bila kulitaja.”

Kisha akasema anakwenda kuchota maji, akaondoka.

Mama alipiga magoti. Alikataa jembe, akachimba kwa vidole. Tuliipanda kabichi katikati, maua meupe huku na huku, na alipomaliza kuushindilia udongo alisema, kwa sauti ileile ya jikoni, “Mwadime, dada yako amekuletea kabichi.” Mwanamke aliyekuwa kaburi la jirani aligeuka, akaona, akatabasamu. Hakuna aliyesema kwamba kaburi si shamba.

Baba hakurudi. Nilimwona kule bombani, ametupa mgongo. Ndoo ilikuwa imejaa zamani, maji yanamwagika juu ya viatu vyake vya ofisini, naye hafungi. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya kabichi. Nilidhani hivyo kwa miaka mingi, na nikaona haya kwa ajili yake, mtu mzima kununia mboga. Sikujua kwamba maua yake meupe aliyachagua kwa sababu hayakufanana na mtoto wake hata kidogo, na kwamba ndiyo pekee aliyoweza kuyabeba peke yake kila Ijumaa na bado akaweza kuendesha gari kurudi nyumbani kwetu, akaingia, akauliza chakula ni nini. Mimi nilikuwa nimempakatisha Mwadime mzima, na moyo wake wa kabichi.

Mama alijipangusa udongo, akamfuata. Alifunga bomba. Sikusikia walichosema, ikiwa walisema. Niliwaona tu wakija kati ya zile safu, wameshika kishikio cha ndoo wote wawili, wanakwenda upande upande kwa sababu hatua zao hazikulingana, maji yakiruka. Nikajiuliza kwa nini ndoo ndogo vile ibebwe na watu wazima wawili.