Miti ya Mwezi Mpevu

Watu wakinisifia ubaridi wa nyumba ya makuti, mimi huitikia tu. Hao hawajashona makuti. Mimi nimeshona, kule Pate, miaka ya hamsini, na hadi leo nikiyakumbuka mgongo huniuma.

Kwetu mwanamke huolewa kwake. Baba humjengea bintiye nyumba, mume akaja na sanduku lake la nguo akaingia. Wasipoelewana, anayetoka ni mume. Wenye uwezo walijenga kwa mawe na chokaa, sisi wengine kwa mikoko na makuti. Mama yangu alikosa hata hiyo ya makuti, maana babake alifariki kabla ya kumjengea. Baba alipompa mama talaka, nami ningali mchanga, tulihamia chumba cha nyuma kwa mjomba, kaka yake mama. Nasema kwa mjomba, lakini nyumba ilikuwa ya mkewe, na hatukuachwa tukasahau. Mama hakutaka makubwa duniani. Alitaka nisiolewe bila nyumba yangu.

Posa ilipokuja, upande wa mume walitaka harusi iwe Shaabani, kabla ya Ramadhani. Mamake bwana harusi akatuma neno kwamba nyumba ikichelewa si kitu, nitakaa kwake. Nadhani alisema kwa wema. Mama alipoambiwa, hakula siku ile.

Basi tukashona. Jani la mnazi hukunjwa juu ya kijiti, likabanwa na la pili, la tatu, ukashonelea kwa ukili mpaka kijiti kijae, kisha ukachukua kijiti kingine. Vidole vilichanika, chumvi ya chakula ikiviingia nikawa naapa kuwa siolewi tena. Mama alishona akisinzia, mikono ikiendelea yenyewe.

Miti ilikuwa kazi ya mjomba, na mjomba alikuwa mtu wa kesho. Kila siku shoka lilikuwa linanolewa. Mikoko ya kujengea hukatwa wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo. Hakuna asiyejua hilo Pate. Ikikatwa mwezi mpevu huingia dumuzi, wakaila ndani kwa ndani. Mjomba alijua pia, lakini aliposhtuka ilikuwa katikati ya Shaabani na mwezi umejaa angani kama sinia. Kungoja giza ni kuingia Ramadhani. Akaenda akakata.

Fundi aliugusa mti wa kwanza, akautazama pale ulipokatwa, akamgeukia mama.

"Bi, miti hii ya yuzi, na yuzi mwezi umeyaa. Italiwa. Subiri giza."

"Na mwanangu alale wapi, nde ya mlango?" mama akamuuliza. "Funga kamba, Bwana."

Akafunga. Siku ya kuezeka walikuja wanaume wengi kuliko kazi. Wakala wali wetu wote, wakaimba, wakabishana juu ya mteremko wa paa ambao fundi alikwisha kuupima. Mama alipika tangu alfajiri, na walipoondoka aliketi chini palepale jikoni akashindwa kuinuka. Nikaolewa kabla ya mwezi kuandama.

Dumuzi hawakuchelewa. Kabla masika hayajaisha, unga mwembamba ulianza kuanguka kitandani. Nilikung'uta mashuka asubuhi, nikayakung'uta tena jioni. Nilifunika mtungi, nikafunika chungu, na bado unga ulielea ndani ya chai. Kila mwaka tulitoa mti ulioliwa tukaingiza mwingine, na makuti ya pale yakabidi yashonwe upya. Mume wangu hakushika hata ukili. Alisema nyumba ni ya mke, basi mke aihangaikie. Nilichoka na nyumba ile, nikamchoka na yeye.

Nilidhani nimemchoka. Kumbe aliponiacha, akabeba sanduku lake bila kugeuka nyuma, niliumia. Mama alikuja asubuhi ya pili akanikuta nafagia, uso mkavu. Aliniangalia.

"Hulii?"

"Silii."

Akaninyang'anya ufagio.

"Lia, mwanangu. Mimi nilipoatwa nililia chooni, kwa watu, namimina mai wasinisikie. Hapa ni kwako."

Alitoka, akaurudisha mlango nyuma yake. Nikajitupa kitandani nikalia kwa sauti, kama mtoto, mpaka adhuhuri. Mama alikaa nje mlangoni, na kila aliyekuja kubisha alimwambia nimelala.