Kigelegele Katikati ya Koto

Naomba mnicheke sasa hivi mmalize, maana aibu niliyoipata muhula uliopita nikiihadithia huku mnanikatiza sitafika mwisho.

Nasoma chuo huku Dallas, naishi Euless, mji wa jirani, kwa Shangazi Felista, dada wa baba. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kwake mtoto wa kaka yake hafanyi jambo dogo: nikifaulu jaribio tu, jengo zima la apatimenti linajua. Sasa nilitakiwa kuchukua somo moja la sanaa, nikachagua muziki wa asili wa Kijapani nikidhani tutakuwa tunasikiliza tu na kusinzia. Kumbe tunapiga. Mwalimu wetu, Bi Hayashi, mama wa Kijapani anayeongea kwa sauti ya chini mpaka unainama kumsikia, akatukalisha kila mmoja mbele ya koto, ambayo ni kama ubao mrefu kunipita mimi, una nyuzi kumi na tatu, na chini ya kila uzi kuna kidaraja kidogo cha kuushikilia. Unaipiga umepiga magoti, umekalia visigino, mgongo wima. Siku ya kwanza alitugawia vigoda vidogo kwa wasiozoea. Wenzangu wote wakachukua. Mimi nikasema sihitaji, sisi kwetu Morogoro tumekulia mkekani (uongo, kwetu tuna sofa, tena la kona), akafurahi, akaniinamia kwa heshima, na baada ya hapo ningekiomba kigoda kwa uso gani? Mazoezini nilipona kwa sababu tulikuwa tunapumzika kila mara.

Shangazi aliposikia kuna onyesho, akauliza ni kitu gani hasa. Nilikuwa nawahi darasani, nikamjibu nikiwa mlangoni, "Ni kama ngoma." Basi.

Siku yenyewe naingia jukwaani, naona safu ya pili imejaa vitenge: Shangazi, jirani yetu Mrundi Mama Chantal, na akina mama wengine watatu wa jumuiya yao, wamependeza kuliko maharusi. Ukumbi uliobaki umetulia kama watu wanaosubiri mtihani.

Tukaanza. Mwanzoni miguu ikawasha, baadaye ikachoma, baadaye ikanyamaza kabisa, nikajua hapa sina miguu tena, nina magunia mawili ya mchanga. Tukafika pale ambapo wote tunaacha kupiga, mikono hewani, kimya. Bi Hayashi alitufundisha kwamba kimya kile nacho ni muziki. Shangazi hakufundishwa. Yeye aliona mtoto wake amesahau, ameduwaa mbele za watu, akaamua kunitia moyo: akapiga kigelegele kirefu, cha harusi kabisa, Mama Chantal akakipokea, na kabla hakijaisha wote watano wameshainuka, wanakuja kwa mwendo wa madaha, kitenge kimeshikiliwa juu, kuja kunitunza.

Nikamtazama Bi Hayashi, naye akanitazama (sitaki kusema zaidi juu ya macho yale). Nikaamua nisimame nikawazuie. Akili ikasimama, kiwiliwili kikafuata, miguu ikabaki palepale. Nikaenda upande kama kabati, nikatua juu ya koto ya Minh, kijana mpole ambaye hajawahi kunikosea, vidaraja vikaruka kama bisi, nyuzi zikatoa mlio wa sufuria zinazoporomoka.

Hapo kwa Shangazi ngoma iliisha ikaanza kazi. Akapanda jukwaani, akanilaza chali, akaweka miguu yangu begani kwake, akawatangazia watu kwa Kiingereza kwamba huyu ni binti yake na hakula asubuhi.

Nikamnong'oneza, "Shangazi, ni ganzi tu."

"Nyamaza, wewe ni mgonjwa."

Akanivua soksi, akaanza kunisugua nyayo mbele ya ukumbi mzima, na damu iliporudi (waliowahi kupata ganzi watanielewa) nikawa nacheka na kulia kwa pamoja, Mama Chantal akaona mambo yamekuwa makubwa, akaanza kusali.

Bi Hayashi akaja akapiga magoti karibu nasi, akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana, ila nimeharibu kila kitu. Akaokota vidaraja kimoja kimoja, akavirudisha, akakaza nyuzi watu wakisubiri, kisha akasema kwa sauti yake ileile, "Tunaanza upya. Wewe kaa kwenye kiti." Akamgeukia Shangazi, akamwomba kwa adabu ile sauti yake nzuri aiweke mpaka mwisho, kwani wimbo ulikuwa haujaisha. Shangazi akashuka mpole, soksi zangu mkononi.

Nikapiga peku, juu ya kiti cha plastiki, katikati ya wenzangu walioketi chini, kama mkuu wa wilaya aliyekuja kukagua. Kile kimya kilipofika tena, niliwaona akina mama wote watano wamejiziba midomo. Mwisho ulipofika, wakaachia. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Bi Hayashi aliinama muda mrefu, mabega yakitikisika, na hadi leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Somo nilifaulu, ila video ilifika Morogoro kabla sijafika nyumbani, na mama akapiga simu kuuliza, taratibu tu, kama hiyo ndiyo digrii wanayoiombea kila Jumapili. Nimeapa sitagusa tena somo lenye jukwaa, na mambo ya chuo nitamweleza Shangazi nikiwa nimekaa, bila haraka, mpaka aelewe. Muhula huu nimechukua takwimu. Nikamweleza kwa kirefu, na kalamu na karatasi, naye akanisikiliza kwa makini mpaka nikamaliza. Halafu akaniuliza onyesho ni lini.