Kapu la Bi Muhuri

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wameshalisahau. Mtaa mzima ulimwita Bi Muhuri, kwa namna alivyogonga barua: mara moja kwenye wino, mara moja kwenye stempu, ta-ta! hadi madirisha yanatikisika. Mumewe, fundi cherehani aliyeweka mashine yake kwenye baraza ya posta hiyohiyo, alikuwa akiwaambia wateja kwamba mkewe angeingia masumbwi, leo wangekuwa wanaishi ghorofani.

Posta yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Kaunta ya mbao iliyolika kwa viwiko vya watu, wavu wa waya, benchi refu, na ukuta mzima wa masanduku ya barua yenye vimlango vya bati, kila kimoja na namba yake na tundu la ufunguo. Bi Muhuri aliingia humo akiwa msichana, enzi za telegramu. Siku hizo mtu akiletewa telegramu alilia kwanza, kusoma baadaye, maana nani angejisumbua kutuma maneno ya mkato namna ile kwa jambo jema? Aliwahi kumwona mwanamume mzima akigaragara sakafuni, watu wamemshika mikono na miguu, kumbe kaandikiwa kuwa mkewe kajifungua pacha.

"Basi usinyamaze," Bi Muhuri alimwambia. "Pacha wanakula."

Kisha simu za mkononi zikaja, na barua zikakonda. Za mapenzi zilitangulia kufa. Zikafuata za salamu, zile za "sisi huku hatujambo". Zikabaki vyeti, barua za mahakama, majibu ya hospitali, na vifurushi vya vitu ambavyo watu wameviagiza kwa kubonyeza simu wakiwa wamelala kitandani. Waliagiza kwa kidole, wakadhani mzigo nao utakuja kwa kidole. Vifurushi vikalala rafuni vikisubiri wenyewe.

Bi Muhuri hakuweza kuona mzigo wa mtu umelala. Jioni moja alikitia kimoja kwenye kapu lake la sokoni, akakipitisha kwa mwenyewe. Ni njiani tu, alijiambia. Kesho yake vikawa viwili. Miaka ikapita, na kapu likawa ndiyo posta. Watu walikaa vibarazani wakimngojea, na wengine walisalimia kapu kabla ya kumsalimia aliyelibeba.

Ndipo alipokuja mkaguzi kutoka ofisi kuu, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi kufunga. Aliyeingia siku hiyo ni paka, na mama mmoja aliyeuliza kama kuna choo.

"Mama," mkaguzi alisema akisimama na kujinyoosha mgongo, "barua naona zinaingia. Watu mbona hawaingii?"

"Nawapelekea mwenyewe, mwanangu. Nikitoka kazini."

Kijana alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko kama angefokewa. "Wakubwa hawatauliza barua zinafikaje, mama. Watauliza kama nyumba hii ina watu. Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikikuta benchi hili hivi, nitaandika nilichokiona, na mlango utafungwa."

Nyumbani alimweleza mumewe. Fundi cherehani alitoa sindano mdomoni, akacheka kidogo, kisha akaona mkewe hacheki.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama watoto. Na chako kimo kapuni."

Asubuhi Bi Muhuri alifika kazini, akalitundika kapu kwenye msumari nyuma ya kaunta, mahali ambapo kila aingiaye angeliona. Halikushuka tena.

Siku chache za kwanza watu walidhani anaumwa. Kisha wakadhani kanuna. Fundi baiskeli, ambaye karakana yake iko ng'ambo ya barabara, alimzuia njiani.

"Bi Muhuri, gia zangu zimefika?"

"Zimefika, mwanangu. Zipo posta."

"Si ungenishikia tu?"

"Miguu unayo. Baiskeli unazo uwanja mzima. Umekosa nini?"

Waliokuwa karibu wakacheka, na fundi akaona haya, lakini hakwenda. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Maneno yakaanza kuzunguka: Bi Muhuri anaringa, Bi Muhuri anataka abembelezwe, Bi Muhuri kazeeka. Mama mmoja alimpitia karibu na kusema hewani, kama anayezungumza na nzi, "Wengine wakipata dirisha hudhani ni kiti cha enzi." Bi Muhuri alisikia. Alienda zake.

Palipomwia pagumu ni kwa dada yake mkubwa. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na sasa miguu ilikuwa imemvimba. Alikuwa akingoja majibu ya hospitali. Yalipofika, Bi Muhuri aliishika ile bahasha ya kahawia muda mrefu. Nyumba ya dada ilikuwa njiani kabisa. Nani angejua? Akalitazama kapu msumarini. Akajua kwamba likishuka kwa dada, kesho litashuka kwa jirani wa dada. Akaitia bahasha rafuni na kutuma mtoto wa jirani kumwambia: majibu yamefika, njoo uyachukue.

Jibu lilirudi kwa kinywa cha mtoto yuleyule, ambaye alilisema huku amefumba macho: "Kasema yeye ndiye aliyekuwa anakufuta kamasi."

Bi Muhuri alicheka, kisha akaingia nyuma ya rafu akalia kidogo. Alipotoka aligonga barua za siku ile kwa nguvu zaidi.

Mwisho wa mwezi ulipofika, asubuhi, palisikika kelele barabarani. Dada mkubwa alikuwa amekalia kibao cha nyuma cha baiskeli, kashika fimbo kama mkuki, na fundi baiskeli anasukuma huku jasho linamtoka.

"Yuko wapi huyo mdogo wangu aliyegeuka mkubwa wa serikali!" dada alipaza sauti. "Nimekuja kwa magurudumu kama mzigo!"

Nani hapendi ugomvi wa ndugu? Wa sokoni waliacha meza zao, wa kinyozi wakatoka na nusu ya vichwa vimenyolewa. Wote waliingia posta kusikiliza, na kwa kuwa walikuwa wameshaingia, wakaanza kukumbuka. "Hivi cheti changu hakijafika?" "Angalia na changu, Bi Muhuri." Fundi baiskeli akadai gia zake. Benchi likajaa, foleni ikapinda hadi kwenye cherehani barazani, na dada akiwa wa kwanza kwenye kaunta anafoka bila kupumua.

"Niwekee saini hapa, dada," Bi Muhuri alisema.

"Sitaki saini, nataka adabu!"

"Adabu imeisha. Iliyobaki ni bahasha."

Watu wakaangua kicheko. Dada naye midomo ikamtetemeka, akainamisha uso na kutia saini. Mlangoni, kijana mwenye viatu vinavyong'aa alijaribu kupenya. Fimbo ya dada ikamzuia kifuani.

"Foleni, baba! Hata mimi mwenye miguu hii nimepanga."

Mkaguzi akapanga foleni.

Alipofika kaunta aligeuka kuangalia chumba, akatikisa kichwa, na kusema, "Nitaandika nilichokiona, mama."

Jibu la ofisi kuu lilikuja na mfuko wa barua wa asubuhi, kukiwa na watu ndani. Bi Muhuri alilitambua kwa nembo ya bahasha. Mumewe aliliona kutoka barazani, akaacha kukanyaga cherehani.

"Fungua basi!"

Hakufungua. Aliigonga ta-ta kama nyingine, akaiingiza kwa nyuma kwenye sanduku namba moja, sanduku la posta yenyewe. Kisha akatoka nyuma ya kaunta, akazunguka hadi mbele, akasimama mwisho wa foleni.

"Unafanya nini?" fundi baiskeli aliuliza. "Nani atatuhudumia?"

"Mwenye barua anaifuata," alisema Bi Muhuri. "Nipisheni kwa zamu."

Wakampisha wote kwa pamoja. Alitia ufunguo, akafungua kimlango cha bati, akaitoa bahasha, akasoma. Akaikunja barua na kuitia kifuani.

"Tunabaki," alisema, akarudi nyuma ya wavu. "Haya, nani anafuata?"