Nta ya Baba Kwenye Injini

Nilipokuwa karani wa stesheni ya Tabora, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilinunua gari. Nasema gari kwa heshima tu. Kilikuwa kipikapu cha kijani alichoniuzia mwenye duka mmoja wa Kihindi alipokuwa anafunga biashara yake. Mlango mmoja ulifungwa kwa waya, taa ya kuonya oili ikipungua ilikuwa imeungua zamani, na honi ililia yenyewe kila nilipokata kona ya kushoto. Nilikipenda kupita kiasi.

Mama yangu aliishi upande wa Sikonge. Yeye na majirani zake walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari, na mizinga ya marehemu baba ilibaki porini walikotoka, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshakufa. La kushoto lilikuwa linafuata. Mganga wa zahanati aliniambia ni presha ya macho, na jicho likishazimika kwa ugonjwa huo halirudi. Ila daktari wa macho alikuwa anakuja hospitali ya Tabora kwa siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, kisha angeondoka kwa treni.

"Mlete," alisema mganga. "Na usichelewe."

Basi la Sikonge lilikuwa gereji wiki ya tatu, likisubiri springi. Kwa hiyo Jumapili nikawasha kipikapu changu nikaenda kumchukua mwenyewe, nimevaa shati la kazini, najiona mwana hasa.

Njia nzima kilitoa moshi. Nilijua kinachokisumbua. Juu ya injini kulikuwa na kidude cha duara, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, ambacho fundi wangu alikiita pua ya injini. Ni vali ya kuiachia injini ipumue. Ndani yake kuna kipande chembamba cha mpira, na kikichoka kikatoboka, injini hunywa oili yake yenyewe na kutoa moshi wa buluu. Changu kilikuwa kimechoka. Nilishakwenda kuulizia kingine kwenye duka la spea pale mjini, na mwenye duka alitikisa kichwa kabla sijamaliza kueleza.

"Hiyo hakuna, ndugu. Nimeandika Dar es Salaam mara tatu. Na wao wanasubiri kibali."

Akanikaribisha chai. Haikuwa na sukari, maana sukari nayo ilikuwa haipatikani.

Jumatatu asubuhi tulipaswa kuondoka. Mimi nikaogopa ule moshi. Nilifungua boneti mbele ya nyumba ya mama, nikatoa kidude, nikakaa nacho kwenye kigoda nikikigeuzageuza na bisibisi mkononi, kana kwamba nikikitazama sana kitaona aibu na kupona. Mama akatoka akipapasa ukuta.

"Shikamoo, mayo," nilimwambia. Kwetu mama ni mayo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona hatuendi?"

Nikamweleza. Akanyoosha mkono, nikamwekea kile kidude kiganjani. Aliupapasa mpira ule uliochanika, akapitisha kucha kwenye kifuniko kilicholegea, akacheka.

"Hiki ni kibuyu tu. Kimepasuka. Kizibe."

Kwetu kila chenye ufa huzibwa kwa nta. Kibuyu, mtungi, mzinga, hata mpini wa jembe uliolegea. Mnyamwezi akiona ufa, mkono wake unaanza kutafuta nta kabla kichwa hakijauliza ufa wa nini. Mama aliingia ndani akarudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake lilikuwa bonge la nta, la mwisho kutoka kwenye mizinga ya baba. Alilitunza tangu walipohama, na sikujua kama analo.

Nilikata duara la mpira kwenye tyubu ya baiskeli. Yeye akakaa juani akiisokota nta viganjani mpaka ikalainika, kisha akaipaka kuzunguka kifuniko, polepole, bila kuacha hata kijitundu, maana vidole vyake vilikuwa vinaona kuliko macho yangu. Mimi niliyesoma, mwenye shati la kola, sikuwaza hata mara moja kwamba injini hupata moto.

Tuliwasha. Moshi hakuna! Mama alipiga kigelegele, majirani wakaitikia, na mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Siku ilikuwa imeshakwenda, tukaamua kuondoka alfajiri ya Jumanne. Bado tulikuwa na siku mbili.

Jumanne tulikwenda vizuri hadi karibu katikati ya njia. Mama akaomba tupumzike, tukazima gari chini ya miti ya miyombo, tukala viazi vitamu na kuongea habari za baba kwa muda mrefu. Nilifurahi sana siku ile, na hilo ndilo linaloniuma. Tulipowasha tena tulikwenda kidogo, nikasikia harufu ya kuungua, kisha injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga chuma. Ikanoki, ikazima kabisa. Nilipochungulia nyuma niliona mstari mweusi wa oili mchangani, umetufuata tangu pale tulipopumzika.

Sikuwa na la kufanya. Nilifungua boneti, nikafunga. Nikafungua tena. Trekta moja lilipita likielekea tulikotoka. Mwenye baiskeli mmoja alisimama, akamtazama mama, akatazama kiti cha nyuma cha baiskeli yake chenye mzigo wa asali, akakuna kichwa, akatupa pole. Tukalala ndani ya gari. Kutwa ya Jumatano mama aliniuliza jua liko wapi, nami nilimdanganya kwamba bado mapema.

Lori la tumbaku lilitupakia alasiri. Tulifika hospitali jua linazama. Muuguzi alimwangalia mama, akaniangalia mimi.

"Daktari ameshaondoka, baba. Amepanda treni ya saa tisa."

Ile treni ya saa tisa. Kila siku inapoondoka ni mimi niliyekuwa nikiandika muda wake kwenye kitabu cha stesheni. Siku ile iliandikwa na mwenzangu, na nilipofungua kitabu nikakuta imeondoka kwa wakati, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

Daktari alirudi mvua nyingine zilipokwisha. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazimika.

Kipikapu kilivutwa hadi Tabora, na fundi wangu akakifungua. Akaniita, akanionyesha ile pua ya injini: nta ilikuwa imeyeyuka, ikaingia ndani, na tulipozima gari ikaganda. Injini ilikosa pa kupumulia, ikasukuma oili yote nje kupitia sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili isivuje.

"Nani alikushauri hivi?" aliuliza.

"Nilijitungia mwenyewe."

"Ungekiacha kilivyokuwa, kaka. Kingekufikisha. Kingetoa moshi, lakini kingekufikisha."

Nilimleta mama akae nasi Tabora. Aliishi nasi miaka mingi, akijua kila ukuta wa nyumba kwa kiganja. Kila mgeni aliyekuja alisimuliwa safari ile. Alisimulia kwa furaha, hasa ile sehemu ya nta, akisokota hewa viganjani ili mgeni aone.

"Gari lilikuwa bovu kabisa," alikuwa akisema. "Mafundi wa mjini wameshindwa. Nikampa nta ya baba yake, nikaziba kwa mikono yangu hii, likaamka siku ileile. Kilichotuangusha ni barabara mbaya. Kazi yangu mimi niliifanya."

Kisha aligeuza uso upande aliodhani nimekaa.

"Au nasema uongo, mwanangu?"

"Kweli, mayo," nilimjibu kila mara. "Ni barabara."