Ufunguo Niliouficha Kwenye Soksi

Nakiri kosa hili huku masikio yakinichoma. Mhadhiri wangu aliniazima gari lake, mojawapo ya haya ya Japani yanayoingia siku hizi, nikaenda kuwahoji wakulima wa kakao Bujonde. Breki zilipolegea, nililipeleka Ipinda kwa Fundi Ambakisye. Ukarimu wa salamu zake ulinitia shaka. Nikihofia kwamba angechonga ufunguo wangu kwa siri, nilimwachia nakala niliyokuwa nimechongesha sokoni Kyela, na ule halisi nikausokomeza kwenye soksi.

Niliporudi kulichukua, alinirudishia ile nakala; nilipowasha, injini iliwaka sekunde mbili, ikazima. Nilijaribu mara tatu, ikawa vilevile.

“Umechomoa kifaa!” nilimfokea mbele ya wateja wake. “Nakwenda polisi!”

“Jina langu ndilo linalonilisha hapa, msomi,” alisema taratibu. Alitazama taa nyekundu iliyokuwa ikimwekamweka kwenye dashibodi, kisha akaupima ufunguo kiganjani. “Ufunguo wa gari hili una chipu kichwani. Gari lisipoitambua, linajizima. Huu ni chuma kitupu. Uliokuja na gari uko wapi?”

Wateja wote walinigeukia.

“Mjibu basi, baba,” alisema mama mmoja.

Niliinama, nikaanza kufungua kamba za kiatu.