Kola Zilizotangulia

Neindoo anashona siti za pikipiki karibu na soko la Aboabo, Tamale, na ukimpelekea pikipiki hakuulizi kwanza unataka rangi gani. Anakuuliza unambeba nani. Ukisema mke, anataka kujua kama ni mjamzito. Ukisema magunia ya mkaa, anabonyeza sponji yako ya zamani kwa kidole gumba na kuguna kama mganga aliyecheleweshewa mgonjwa. Kisha anabandua ngozi, anapanga sponji ngumu chini na laini juu, anashona kwa shazia. Mama mmoja muuza mafuta ya shea alisema mbele za watu kwamba tangu aanze kukalia siti ya Neindoo hana haja tena ya mume wa kumkanda kiuno. Wanaume waliokuwa wakingoja zamu wakatazamana.

Siti yake mwenyewe aliifungua na kuifunga upya msimu mzima wa mvua mpaka ikamridhisha. Ukiikalia, mashimo ya barabara unayasikia kwa masikio tu.

Labda ndiyo iliyomzoeza kwenda peke yake. Misafara haipendi. Kwenye msafara, husema, unameza vumbi la wenzako, unamngoja huyu akojoe, yule anyooshe mgongo, na mwingine akumbuke kuwa hajatia mafuta. Harusi zote za mtaani, vijana wakipiga honi nyuma ya bibi harusi, yeye hupita njia yake na kukutwa ameshakaa, anakula. Zibilim, rafiki yake mziba pancha, humwambia, "Wewe hata mazishini kwako utatangulia, sisi tufike na jeneza tupu."

Mwaka huu mdogo wake, Suhuyini, alipata mchumba, binti aitwaye Maliyatu wa kijiji cha Kpatili, mbele ya Yendi. Siku ya kupeleka posa ikapangwa. Msemaji wa washenga alikuwa baba yao mdogo, Afa Sumani. Kola, kokwa chungu za kutafuna ambazo ndizo posa yenyewe, zilifungwa kwa majani mabichi, zikawekwa kikapuni, na kikapu kikafungwa nyuma ya Neindoo, kwa kuwa siti yake haitikisi mzigo. Afa Sumani akamkumbusha, ingawa hakuna asiyejua, kwamba mbeba kola hafungui mdomo. Habari ya posa ina msemaji mmoja.

Walipofika Sang, njiani, Afa Sumani alishuka ameshika kiuno na kuagiza uji. Wengine wakajinyoosha barazani. Neindoo hakuwa hata na ganzi. Alimwambia Zibilim kwamba atawangoja mlangoni mwa kijiji. Zibilim, mdomo umejaa bajia za kunde, alimjibu kuwa kola hazisafiri na mtu mmoja. Neindoo akacheka, akawasha pikipiki.

Alifika Kpatili asubuhi bado mbichi, akasimama penye pampu ya maji. Hakupiga honi. Alikusudia kungoja kweli.

Pale pampuni alikuwepo Napari, mama mdogo wa Maliyatu. Nyumbani kwao walikuwa wameambiwa wasikilize honi za watu wengi jua likishapanda. Badala yake anaona mwanamume mmoja, vumbi mpaka kwenye kope, ana kikapu cha kola, amekaa kimya. Kola hupelekwa kwenye ndoa, na hupelekwa vilevile kutangaza kifo. Za kifo huja hivyo, asubuhi, na mtu mmoja.

"Kaka, unatoka wapi?"

"Tamale."

"Kwa kina Suhuyini?"

"Ndiyo."

"Mbona peke yako? Wenzako wako wapi?"

Neindoo akakumbuka aliyoagizwa. Akainamisha macho kwa adabu zake zote. "Wenye maneno wako nyuma."

Napari akauachia mpini wa pampu. "Suhuyini hajambo?"

Kumtaja bwana harusi kungekuwa kuianza posa, na posa haikuwa yake kuianza. "Subiri, dada," akasema. "Watakuja wenyewe waseme."

Napari akaweka mikono kichwani na kukimbia, akilia. Kilio kikaingia uani, kikapokewa. Neindoo alipofika mbio mlangoni, Maliyatu alikuwa amekaa mchangani, kitambaa kimemdondoka kichwani, na bibi yake, Azara, amezirai, anamwagiwa maji. Akasema hakuna aliyekufa. Akasema tena. Wanawake walikuwa wengi, na sauti yake ilikuwa moja.

Halafu honi zikaja. Afa Sumani aliona wanawake wanalia, akazima pikipiki, akavua kofia, akaanza kutoa pole kwa msiba. Wenyeji nao wakampa pole kwa msiba wake. Wakapeana pole hivyo kwa muda, kila upande ukingoja mwenzake amtaje marehemu.

Suhuyini alipotajwa, Zibilim ndiye aliyempigia simu huko Tamale, alikobaki kama ilivyo desturi ya bwana harusi, na kumpa Maliyatu. Simu ikasikika mpaka ukutani ikiuliza, "Kafa nani?" Watu wengine wakacheka. Bibi Azara hakucheka.

"Kola hizi zimeliliwa," akasema. "Haziingii humu. Zirudi zilikotoka, na posa yenu irudi nazo."

Afa Sumani akasihi. Bibi akauliza ni nani aliyezileta. Neindoo akapiga magoti kwenye tope la maji yale yale aliyomwagiwa bibi.

"Ulikuwa unakimbilia nini?" bibi akauliza.

"Sikukimbia, bibi. Sikuwa nimechoka."

"Wenzio walichoka?"

"Walichoka."

"Ukawaacha."

"Nikawaacha."

Bibi alimtazama mpaka akatamani apigwe. Mwishowe akasema kola zingine zikatafutwe Yendi, waende wote na warudi wote, na huyu abaki hapa na waliomlilia ndugu yake.

Basi washenga wakaondoka, naye akakaa kivulini kwa ukuta kati ya wanawake. Walimletea ugali na mchuzi wa bamia, mgeni ni mgeni. Napari, macho yamevimba, akamsogezea maji, na hilo lilimuuma kuliko kutukanwa.

Kola mpya ziliingia kwa honi na vigelegele, na zikapokewa. Alasiri Maliyatu aliletwa kuwasalimu watu wa mchumba wake, akipiga goti kwa kila mmoja. Alipofika kwa Neindoo akateremka vilevile, sauti bado imekauka kwa kilio.

"Shemeji, umeshindaje? Watoto je? Wazee?"

Akaitikia moja moja, akitazama mikono yake.

"Na mdogo wako?"

"Mzima," akasema Neindoo. Msichana hakuinuka. Alikuwa anangoja. "Ni mzima, shemeji. Nilimwacha mzima. Ilinipasa kukwambia tangu asubuhi."