Fulana ya Merino Ukweni

Mwenzenu nilipata fulana ya sufu nikapoteza akili. Kazi yangu ni kuongoza wageni hifadhini Mikumi, na mgeni mmoja alipokuwa anaondoka aliniachia fulana yake nyeusi ya mikono mirefu. Akasema ni sufu ya kondoo aina ya merino, nisiifue kila siku wala nisiiguse na maji ya moto, niitundike tu ipigwe na upepo. Sufu, kwa joto letu hili. Nilishukuru kwa adabu, moyoni nikisema huyu jua limemwingia kichwani.

Halafu nikaivaa. Alfajiri, kwenye gari la wazi, baridi ya porini sikuisikia. Mchana jua likiwaka, jasho lilinyonywa nikabaki mkavu. Haiwashi kama masweta ya mitumba. Siku ya nne nikainusa kwapani, hakuna kitu. Basi nikawa mhubiri wa sufu, mpaka wenzangu kazini wakawa wananiuliza nitanyolewa lini.

Mke wangu hakufurahi. Kila alipoitia kwenye beseni niliitoa. "Baba watoto, watu watasema mimi sifui," alisema. Nikamjibu asiiguse, vitu hivi havijui. Kwa sauti ya juu, tena.

Tukaenda ukweni Kimamba kusalimia. Nilibeba mashati mawili, sikuyatoa hata kwenye begi. Ya nini, na mimi nina fulana yangu? Nilishinda nayo barazani kutwa, siku ya kwanza na ya pili, nikijiona mjanja kuliko wote waliolowa jasho. Mama mkwe aliniona. Usiku wa pili niliivua nikaitundika nje ipigwe na upepo.

Asubuhi iliyofuata nikaikuta kwenye kamba nyuma ya nyumba, imerudi kuwa ya mtoto wa chekechea. Mama mkwe alikuwa amechemsha maji akaifua kwa mikono yake mwenyewe. Nguo ya mwilini ya mkwe wake, ambayo kwa heshima zetu hakutakiwa hata kuishika. Aliona afadhali hivyo kuliko majirani waendelee kuniona barazani na nguo ile ile. Sikujua uso niuweke wapi.

Wakati wa chai, mbele ya shemeji zangu wawili, alimuuliza binti yake taratibu, "Mwanangu, nilikufundisha kufua au sikukufundisha?"

Hapo nilitakiwa kusema kwamba mimi ndiye niliyemkataza. Maneno machache tu. Badala yake mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukaanza kueleza habari za kondoo. Nikamwambia mama mkwe kwamba sufu hii haishiki harufu, kwamba naweza kutoka jasho juma zima na kwapa lisinuke. Nilitamka kwapa mbele ya mama mkwe. Shemeji mmoja akakimbilia ndani, nikamsikia anacheka. Mama mkwe akajifunika uso kwa khanga.

Mke wangu akaweka kikombe chini.

"Nisamehe mama," alisema. "Ni uvivu wangu tu, nilijisahau."

Mwanamke huyu hajawahi kujisahau hata siku moja. Mashati yangu ya kazini huyapiga pasi mpaka kola. Alisema hivyo ili ninyamaze, ili aibu imalizikie kwake, kwenye nyumba aliyozaliwa.

Wote wakanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, kama mume aliyekwisha kusamehe, nikaomba niongezwe chai.